MWALONI SAMAKI ANAPIMWA, MOSHI JE?

UKITAKA kujua kwamba Mwanza ni mji wa mizani, shuka Mwaloni pale Kirumba kabla jua halijapanda. Kila kitu kinapimwa. Dagaa wanapimwa, kayabo wa kwenda Kongo anapimwa, sangara ndio usiseme. Hata mama mwenye ndoo moja anajua kilo zake, na ushuru unakatwa kwa hesabu. Jaribu kumdhulumu mtu robo kilo uone, utapigiwa kelele zitakazosikika hadi Kona ya Bwiru!

Sasa inua macho. Juu ya hayo magunia kuna moshi. Upo wa samaki wanaobanikwa, upo wa majiko ya chai na chapati, upo wa lori la dizeli linalonguruma tangu saa kumi na moja, na upo wa lile rundo la takataka na mifuko ambalo mtu kaliwasha akaondoka zake. Huo moshi ndio mzigo pekee usio na mzani. Hauna ushuru, hauna risiti. Unaingia kifuani bure, kama nyongeza ya muuza nyanya.

Siwasemi vibaya akina mama wanaobanika. Wanatulisha, wanasomesha, na wao ndio wa kwanza kuumwa macho. Ninachouliza ni kitu kingine kabisa. Mji unaojua kupima kila samaki unashindwaje kupima pumzi yake? Na kikipatikana hicho kipimo, nani alipe?

KELELE INA KIPIMO CHAKE

Vijana wa viwanja mnaijua NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Lipo tangu mwaka 1983, lakini wengi wetu tulilifahamu vizuri mwaka 2023 lilipozivaa baa na kumbi za starehe na kuzifungia kadhaa kwa sababu ya kelele. Siku hizo vijiwe vyote mada ilikuwa hiyo. Wapo waliolia, wapo walioshangilia kwamba sasa watalala.

Hebu fikiria kilichowezesha hiyo kasheshe. Kelele ina kipimo, desibeli. Kanuni za kelele za mwaka 2015 zimeandika mwisho wake ni wapi. Ofisa anakuja na kidude mkononi, anasoma namba, namba ikizidi hakuna cha kubishana. Mwenye baa anaweza kusema muziki wake ni mtamu, lakini namba haichezi muziki.

Moshi nao una kanuni, tena za zamani zaidi. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilitoka mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Zimeshafikisha umri wa kupiga kura! Sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Imeanzisha hata Mfuko wa Mazingira wa Taifa, wenye vyanzo kama fedha zinazopitishwa na Bunge, misaada na michango. Ukiisoma unaweza kudhani mambo yote yamekwisha, tunasubiri kuvuta hewa ya Uswisi.

Tatizo, kanuni bila kipimo ni trafiki bila tochi. Dereva wa basi akijua kwamba leo tochi haipo Buhongwa, unadhani atakwenda hamsini? Atakwenda mia, na ukimsimamisha atakuuliza ushahidi. Mwenye bomba la moshi naye ni hivyo hivyo. Utamwambiaje amezidisha wakati wewe mwenyewe huna namba?

Na tochi ya hewa ni ghali, tusidanganyane. Mashine kamili ya kupima hewa, ile ambayo mahakama haiwezi kuicheka, inafika makumi ya maelfu ya dola. Hapo bado chumba chake, umeme usiokatika, vichujio, na fundi anayejua kuisahihisha. Ukinunua mashine ukasahau kumlipa fundi, baada ya miaka miwili unakuwa na kabati la chuma lenye taa.

ADUI ASIYEONEKANA

Kinachopimwa hasa si ule moshi mweusi unaouona. Ule mkubwa pua inaujua, unapiga chafya, unapita. Mbaya ni chembe ndogo ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwa chako ungeweza kupangiwa chembe kama ishirini au zaidi kwa upana wake. Hizo hazizuiliwi na pua wala koo. Zinateremka hadi chini kabisa ya mapafu, na nyingine zinapenya kwenye damu. Ndiyo maana madaktari wakizungumzia hewa chafu hawaishii kwenye kikohozi, wanataja moyo na kiharusi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza uzi. Wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Zamani walikuwa wanasema 10. Waliona kwamba hata kwenye 10 watu bado wanaumia.

Sisi wa mtaani tuna kipimo chetu, kola ya shati. Vaa shati jeupe asubuhi, panda daladala kutoka Igoma, pita Buzuruga na Mabatini hadi mjini, rudi jioni uangalie kola. Dada zetu wanaotumia kitambaa cheupe kufuta uso wanajua ninachosema, kile kinachotoka si poda peke yake. Ila kola haikuambii ni vumbi la barabara au ni moshi wa dizeli, haikuambii jana ilikuwaje, na huwezi kuipeleka mahakamani.

ZIWA LILIPATA MSHIKO, HEWA IKAKOSA

Usidhani Kanda ya Ziwa haijawahi kuona fedha za mazingira. Imeziona, tena nyingi. Wakubwa mtakumbuka magugu maji yalivyovamia miaka ya tisini. Ziwa liligeuka shamba. Mitumbwi ilikwama, bandari zikazibwa, na kila mpiga picha akaja. Agosti 1994 Tanzania, Kenya na Uganda zikatia saini mkataba wa mradi wa pamoja wa kuhifadhi mazingira ya Ziwa Victoria, ule uliokuja kujulikana kwa kifupi chake LVEMP. Kazi ilianza mwaka 1997 kwa bajeti ya zaidi ya dola milioni 70, sehemu kubwa ikitoka Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Wadudu waliozoea kula magugu maji walifugwa na kuachiwa ziwani. Awamu ya pili ilifuata mwaka 2009.

Zilitoka kwa nini? Kwa sababu gugu linaonekana. Waziri akisimama ufukweni anaona, mfadhili akiletwa na ndege anaona, kamera inaona. Hewa chafu haina sura. Haizibi bandari. Mtu akifa kwa kiharusi hakuna anayeandika kwenye cheti kwamba ameuawa na moshi wa miaka ishirini.

Wala si Mwanza peke yake. Waliopitia mahesabu ya misaada ya maendeleo ya dunia nzima, kuanzia 2015 hadi 2021, walikuta kwamba kama asilimia 1 tu ilikwenda moja kwa moja kwenye usafi wa hewa ya nje. Asilimia moja! Na Afrika katika hiyo moja ikaambulia makombo.

KUMBE ZIWA LINAKUNYWA MOSHI

Sasa njoo hapa penyewe, maana hapa ndipo stori inapokuwa tamu, au chungu, inategemea unavyoipokea.

Kati ya Agosti 1999 na Julai 2000 watafiti walitega vyombo katika sehemu nne upande wa Tanzania wa ziwa letu, kukinga kile kinachodondoka kutoka angani, kikiwa na mvua au kikavu. Aliyeongoza ni Mtanzania, Rashid Tamatamah, ambaye baadaye alikuja kuwa Katibu Mkuu anayeshughulikia uvuvi. Walikuwa wanatafuta fosforasi. Hiyo ni mbolea, ile ile inayostawisha mahindi shambani. Ikiingia ziwani inastawisha mwani na magugu. Maji yanakuwa ya kijani, mwani ukifa unaoza, kuoza kunamaliza hewa ndani ya maji, na samaki anakosa pa kupumulia.

Kila mtu alikuwa anadhani mchawi ni mito, vyoo na viwanda. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005, na hesabu ilikuwa kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi yote inayoingia Ziwa Victoria inatoka angani! Si Mto Mirongo, maskini ya Mungu, ambao tunautukana kila siku. Angani. Majivu ya nyasi na misitu inayochomwa, moshi, na vumbi la mashamba yaliyobaki uchi.

Ukilifikiria ziwa lenyewe huoni ajabu. Lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 69,000, na maji yake mengi, kama asilimia 80, ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Ziwa hili linakunywa kutoka mbinguni kuliko kutoka mitoni. Basi kilichoko angani, linakinywa.

Wavuvi wa dagaa watakuongezea jingine. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, ndiyo maana Capri Point kuna ubaridi mzuri wa wapendanao. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na huko katikati ndiko zinakozaliwa zile radi za usiku zinazowatisha wenye karabai. Sasa jiulize, moshi wa majiko yote ya jioni, kuanzia Igogo hadi Pasiansi, ukipanda saa moja usiku upepo unaupeleka wapi? Na mvua ya usiku ikinyesha huko inashusha nini?

Kwa hiyo mheshimiwa anayesema fedha za hewa zisubiri, kwanza tuliokoe ziwa, afahamu kwamba hizo ni fedha za kazi moja. Mamilioni ya dola yalipita hapa kwa ajili ya maji, na utafiti uliofanywa hapa hapa umeonyesha kwamba mlango mkubwa uko juu ya vichwa vyetu. Ukipima maji bila kupima hewa, unadeki nyumba huku bati linavuja.

JIKONI NDIKO KUNAKOUA

Kabla hatujawavaa wenye viwanda na malori, tuangalie ndani kwetu. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja watu wapatao 33,000 wanaokufa nchini kila mwaka kwa sababu ya moshi wa kuni na mkaa majumbani. Hapa Mwanza watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao walilinganisha watoto waliougua nimonia kali na wale ambao hawakuugua, na mwaka 2016 wakachapisha walichokikuta. Kupikia ndani ya nyumba kulikwenda sambamba na hatari kubwa zaidi ya mtoto kupata nimonia kali. Kuchelewa chanjo ya surua nako hivyo hivyo.

Chumba kimoja cha kupanga, unalala humo, unapika humo, mtoto yuko mgongoni na mvua inanyesha nje. Utapikia wapi? Kwa hiyo tusiwahubirie watu kana kwamba wanapenda moshi.

Hapa lazima tuseme kweli, kuna hatua. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziliambiwa ziachane na kuni na mkaa. REA nayo imesambaza mikoani mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Sawa kabisa. Ila mwenye mtungi anajua kwamba mtungi wa kwanza ni zawadi, wa pili ni mtihani. Ikiisha gesi katikati ya mwezi, mkaa wa kipimo cha kopo uko pale pale dukani kwa Mangi, na Mangi hafungi.

Nani atajua kama mkakati umefanya kazi? Tutahesabu mitungi iliyogawiwa, maana hiyo ni rahisi na inapendeza kwenye picha. Lakini mtungi kukaa chini ya kitanda haupunguzi moshi. Kinachotakiwa ni kupima hewa ya Mabatini na Igogo leo, na kuipima tena mwaka 2030 na 2034. Usipopima mwanzo, mwisho utalinganisha na nini?

MAJIRANI WAMEANZA

Ng'ambo ya ziwa hili hili, Kampala, vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere walianza mwaka 2015 mradi unaoitwa AirQo. Kiongozi wao ni Profesa Engineer Bainomugisha. Usicheke, Engineer ni jina lake, si cheo! Walichokifanya ni kutengeneza vifaa vyao vya kupima hewa, vidogo, vya bei ya mamia ya dola badala ya makumi ya maelfu, vinavyostahimili vumbi na kukatika kwa umeme. Vingine wakavifunga kwenye bodaboda, vikawa vinazunguka mji pamoja na abiria. Takwimu zao zikaanza kutumiwa na mamlaka ya jiji la Kampala, na vifaa vikavuka mipaka hadi miji mingine ya Afrika.

Vifaa hivyo havina usahihi wa ile mashine kubwa, na wenyewe hawafichi. Inabidi uwe na mashine kubwa moja ya kusahihishia zile ndogo, kama mizani ya Wakala wa Vipimo inavyosahihisha mizani za sokoni. Ila ndogo mia zinakuonyesha mtaa gani unaungua, kitu ambacho kubwa moja haiwezi.

Fedha? Hapo ndipo pa kujifunzia. Kampuni ya Google kupitia mfuko wake wa misaada iliwapa dola milioni 1.3 mwaka 2019, na baadaye ikaongeza. Ni vizuri, lakini ni fedha za mtu. Na fedha za mtu zina tabia yake. Ubalozi wa Marekani Kampala ulikuwa na mashine yake, ukitangaza hewa kila saa, kama balozi nyingine za Marekani duniani. Mashine kama hiyo juu ya paa la ubalozi Beijing, iliyowekwa mwaka 2008, iliwaumbua wakubwa wa China kiasi kwamba ilipofika 2013 walitangaza mpango mzito wa kusafisha hewa na wakamwaga fedha. Lakini Machi 2025 Washington iliamua kwamba balozi zake ziache kutoa takwimu hizo. Kwisha habari! Siku moja namba zipo, siku ya pili hakuna.

Mwenye nyumba akichukua saa yake ukutani, mpangaji hawezi kudai ajue ni saa ngapi.

NANI ALIPE?

Mambo ya hewa yanawezekana, tena tumeshayafanya bila hata kujisifu. Petroli yenye madini ya risasi, ile iliyokuwa inadumaza akili za watoto, iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara hadi kufikia Januari 2006. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikaingia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hizo zilikuwa sahihi za wakubwa na meli za mafuta, mwananchi hakutoa hata senti ya mashine. Zilizobaki ndizo ngumu, maana ziko mitaani: jiko, jalala, injini iliyochoka, tanuri.

Mimi nisingeanza na mradi wa mabilioni. Ningeanza na mashine moja kubwa ya kusahihishia, ikae kwenye chuo chenye umeme wa uhakika na vijana wa sayansi, Bugando au Nyegezi, halafu vifaa vidogo ishirini, thelathini. Mafundi simu wa mjini hapa wanafungua simu za laki nane kwa bisibisi na kuzirudisha zikiwa hai, kifaa cha kupima hewa hakitawashinda. Fedha ya kununua ikitoka kwa mfadhili, haya, tupokee. Lakini mshahara wa fundi, vocha ya kutuma takwimu na vichujio vitoke kwenye bajeti yetu wenyewe, kila mwaka, hata kama ni fungu dogo. Hapo ndipo miradi inapofia. Sherehe ya uzinduzi haikosi fedha. Betri ya mwezi wa thelathini ndiyo inakosa.

Na Mwanza tuna kituko cha ziada. Mji mmoja, halmashauri mbili. Tangu mwaka 2012 Ilemela ina yake, na Jiji la Mwanza limebaki na Nyamagana. Mwaloni ni ya Ilemela, jalala la kisasa la Buhongwa ni la Jiji. Daladala linachukua abiria Ilemela na kuwashusha Nyamagana, na moshi wake unavuka mpaka bila kukaguliwa. Mkimwachia kila mmoja, kila mmoja atasema moshi ule ni wa mwenzake. Dawa ni fungu la pamoja, na takwimu zibandikwe hadharani, stendi, sokoni, na zisomwe redioni baada ya utabiri wa hali ya hewa. Mtangazaji akisema leo Buzuruga pabaya, mama mwenye mtoto wa pumu apitie kwingine.

Bajeti za halmashauri huanza kupikwa miezi mingi kabla ya Julai 1. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi, unaruhusiwa kuingia ukakaa nyuma ukasikiliza, ilimradi usipige makofi. Diwani wako unamjua, alikuomba kura. Mkikutana kwenye chai muulize tu, kwa heshima zote, fungu la kupima hewa liko ukurasa wa ngapi.